Gari Lililokataa Kuwaka: Historia ya Ufundi wa Magari Mjini Eldoret

Historia ya ufundi wa magari mjini Eldoret haijapewa nafasi kubwa katika maandishi kuhusu kaskazini mwa Bonde la Ufa, ambayo hujishughulisha zaidi na ardhi, ngano, mahindi na wanariadha. Hata hivyo ni vigumu kueleza jinsi mji huu ulivyokua bila kuwataja watu waliohakikisha kwamba magari, kuanzia trekta la shambani hadi lori la kwenda Uganda, yanawaka kila asubuhi. Sehemu ya ufundi huo inayofuatiliwa hapa ni moja tu, nayo ni utambuzi wa kasoro, yaani mchakato wa kutafuta sababu ya gari lililoegeshwa jioni bila tatizo kukataa kuwaka kunapokucha. Mchakato huo una utaratibu ambao fundi yeyote wa Eldoret huufuata hata kama hajawahi kuuandika: umeme huchunguzwa kwanza, mafuta baadaye, na mgandamizo wa injini mwisho. Utaratibu huo haukutoka kitabuni peke yake. Uliundwa na mwinuko wa mji, unaokaribia mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na umbali wake wa takriban kilomita 800 kutoka bandari ya Mombasa, lakini kwa kiasi kikubwa zaidi uliundwa na suala la nani, katika kila kipindi, aliruhusiwa kuijua injini.

Nyanda za Uasin Gishu, ambako Eldoret iko, zilikuwa malisho ya Wamaasai walioziachia jina, kisha ya Wanandi, hadi vita vya mwaka 1905 na 1906 vilipowasukuma Wanandi katika hifadhi na kuifungulia njia serikali ya kikoloni izigawe. Mwaka 1908 kundi la Makaburu zaidi ya 200, likiongozwa na Jansen van Rensburg, liliwasili Mombasa kwa meli ya Windhuk, likapanda treni hadi Nakuru, kisha likakwea nyanda hizo kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe. Posta ilifunguliwa mwaka 1910 katika shamba lililopimwa kwa namba 64, namba ambayo wenyeji waliigeuza kuwa jina la mji na kuuita Sisibo, na jina la Eldoret likawa rasmi mwaka 1912. Hadi reli ilipofika mwaka 1924, mizigo yote mizito iliteremshwa katika stesheni ya Londiani na kuvutwa kwa ng'ombe katika njia ambayo wakati wa mvua iligeuka tope tupu. Hali hiyo iliwafunza walowezi kutengeneza wenyewe ekseli, magurudumu na minyororo yao, na tabia hiyo ndiyo iliyoamua mahali gereji ya kwanza ingekuwa: ilikuwa kibanda cha zana nyuma ya nyumba ya mkulima, si duka la mjini, na aliyeshika taa na kupitisha nyundo alikuwa kibarua Mwafrika, ambaye hakuna aliyemhesabu kuwa mwanafunzi.

Gari la miaka hiyo liliwashwa kwa hendeli, yaani chuma kilichopindwa mara mbili na kuchomekwa mbele ya gari, chini ya rejeta, hadi kikashika ncha ya kranki, ambayo ni shafti kuu inayozungushwa na pistoni. Kabla ya kuzungusha, dereva alipaswa kuichelewesha cheche kwa kijiti kidogo kilichokuwa karibu na usukani, kwa maana cheche ikiwahi kutokea kabla pistoni haijafika juu, injini hurudi kinyume kwa kishindo na hendeli huweza kuvunja mkono. Kwa sababu hiyo wajuzi walikiweka kidole gumba upande mmoja na vidole vingine, wakavuta hendeli kuelekea juu badala ya kuikandamiza chini. Mmarekani Charles Kettering alibuni stata ya umeme iliyowekwa katika magari ya Cadillac ya mwaka 1912, lakini Ford Model T, gari la bei nafuu lililoenea duniani kote, halikutoka kiwandani na stata hadi mwaka 1919. Hata baada ya stata kuwa jambo la kawaida, hendeli haikutoweka upesi, kwani magari ya Land Rover yaliendelea kuwa na tundu lake hadi miaka ya 1980.

Jambo ambalo halisemwi mara nyingi ni kwamba hendeli ilikuwa pia chombo cha uchunguzi. Mtu aliyeizungusha polepole, swichi ikiwa imezimwa, aliuhisi kwa mkono mgandamizo wa kila silinda, yaani ule ukinzani wa hewa inayobanwa na pistoni inapopanda. Injini ya silinda nne ilimpa ukinzani wa mara nne uliolingana, na pale mmoja ulipokuwa laini alijua kwamba valvu haifungi vizuri, au ringi za pistoni zimelika, au gasketi imetoboka, bila kufungua hata bolti moja. Stata iliokoa mikono mingi, lakini ilihamisha ushahidi huo kutoka mkononi hadi sikioni, kwa kuwa fundi wa baadaye alilazimika kuusikiliza mdundo wa stata ili atambue silinda iliyo dhaifu kwa jinsi mdundo unavyoharakisha ghafla kila inapofika zamu yake.

Petroli nayo ilikuwa na matatizo yake. Katika miongo ya mwanzo ililetwa kwa madebe ya galoni 4, yaani takriban lita 18, yaliyofungwa mawili mawili katika sanduku la mbao, na debe lililosafiri kutoka pwani hadi nyanda za juu lilifika likiwa na kutu, na pengine maji. Watu waangalifu waliichuja petroli kwa ngozi laini iliyopitisha mafuta na kuzuia maji, na wasio waangalifu waliyakuta maji hayo chini ya kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya mchanganyiko huo kuingia katika silinda. Reli ilirahisisha upatikanaji wa mafuta na mashine, na umeme ulipofika mjini mwaka 1933 kupitia Kampuni ya Umeme na Taa ya Afrika Mashariki ikawezekana kuchaji betri kwa urahisi zaidi kuliko hapo awali, ilipohitajika jenereta kwa kazi hiyo.

Gereji za mjini zilizofuata zilikuwa kwa sehemu kubwa mikononi mwa Waasia, hasa Masingasinga wa jamii ya Ramgarhia, ambao kwa asili ni wahunzi na maseremala na ambao wengi wao walikuja Afrika Mashariki wakati wa ujenzi wa Reli ya Uganda, ulioanza mwaka 1896, au baada yake. Mfumo wa ukoloni uliwapa nafasi ya katikati: waliruhusiwa kumiliki gereji na kuajiri, lakini si kumiliki mashamba ya nyanda za juu, na kwa hiyo ujuzi ukawa ndio mtaji wao, mtaji ambao baba alimrithisha mwana na ambao haukutolewa ovyo kwa mtu wa nje. Mwafrika aliyeajiriwa humo alianza kwa kufagia, kusukuma magari na kuosha vyuma kwa mafuta ya taa. Serikali ilifungua chuo cha ufundi kwa Waafrika huko Kabete mwaka 1924, lakini chuo kimoja karibu na Nairobi hakikuweza kuibadili hali ya wilaya ya mbali kama Uasin Gishu.

Kilichobadili hali hiyo zaidi ni vita. Kati ya mwaka 1939 na 1945 jeshi la Uingereza lilihitaji madereva na mafundi kwa wingi kuliko Wazungu na Waasia waliokuwapo, na vikosi vya uchukuzi na uhandisi vya Afrika Mashariki viliwafunza Waafrika kuendesha malori na kuyatengeneza Ethiopia, Madagaska na Burma, mahali ambapo haikuwezekana kumsubiri mwenye gereji. Askari waliorudi walikuja na kitu ambacho kibarua wa gerejini alikuwa amenyimwa, nacho ni utaratibu kamili wa uchunguzi, kutoka betri hadi pistoni, uliofundishwa kwa hatua na kwa sababu zake. Si haki kudai kwamba kila fundi wa Kiafrika wa miaka ya 1950 alitokana na jeshi, kwa kuwa mashamba ya ngano yenye matrekta yalizalisha mafundi wake wenyewe. Lakini jeshi ndilo lililothibitisha kwamba kilichokuwa kimemzuia Mwafrika asiijue injini ni nafasi, wala si uwezo, jambo ambalo wengi wa waajiri wa wakati huo hawakupenda kulikiri.

Utaratibu wenyewe, kama ulivyofanya kazi katika enzi ya kabureta, unastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa ndio kiini cha ufundi huu. Fundi aliyeitwa penye gari lililogoma alianza na honi na taa. Betri ya gari ina vyumba 6 vyenye bamba za risasi zilizozama katika tindikali, kila kimoja kikitoa zaidi kidogo ya volti 2, hivyo betri iliyojaa huonyesha takriban volti 12.6, lakini volti peke yake hudanganya, kwa sababu taa huhitaji umeme kidogo ilhali stata ya gari dogo huvuta ampea 100 na zaidi kwa sekunde chache. Kwa hiyo taa ziliwashwa kwanza, kisha ufunguo ukazungushwa: taa zikififia kabisa, betri ilikuwa imechoka, au vichwa vyake vilikuwa vimefunikwa na ule unga mweupe wa kutu ya tindikali, ambao mwanagenzi aliusafisha kwa maji ya moto na msasa; taa zikibaki angavu na stata ikatoa mlio mmoja wa "tak" bila kuzunguka, hitilafu ilikuwa ndani ya stata, hasa katika kaboni zinazopitisha umeme kwenye sehemu inayozunguka, na pigo la wastani la spana kwenye mwili wa stata liliweza kuzishtua kaboni zilizolika zishike kwa mara moja au mbili zaidi. Pigo hilo limechekwa na wenye vyeti, lakini lina mantiki: stata ikiwaka baada ya kupigwa, fundi ameshajua kasoro iko wapi, na mwenye gari ameshafika nyumbani.

Stata ikizunguka vizuri na injini isiwake, fundi aliitafuta cheche. Plagi moja ilifunguliwa, ikaunganishwa tena na waya wake na kulazwa juu ya chuma cha injini, kisha mtu mwingine akapiga stata. Cheche ya buluu yenye mlio mkali iliridhisha, na cheche ya manjano iliyonyong'onyea ilimrudisha fundi nyuma hatua kwa hatua, kutoka plagi hadi waya, kutoka waya hadi distribyuta, ambayo hugawa umeme kwa kila silinda kwa zamu, na hatimaye kwenye platini, yaani vipande viwili vidogo vya chuma vinavyofunguka na kufungana ili koili ipandishe umeme mdogo wa betri hadi maelfu ya volti. Platini ziliungua na kujenga vijinundu, zikasuguliwa kwa msasa, na nafasi kati yake ikarekebishwa kuwa takriban milimita 0.4; asiyekuwa na kipimo cha bamba alitumia kipande cha karatasi ngumu chenye unene unaokaribia huo, na aliyezoea aliona kwa jicho tu.

Cheche ikiwa nzima, fundi aligeukia mafuta, na hapo ndipo mwinuko wa Eldoret unapoingia. Shinikizo la hewa mjini ni pungufu kwa zaidi kidogo ya moja ya tano likilinganishwa na Mombasa, hivyo injini inayovuta hewa ya Eldoret hupata oksijeni kidogo kwa kila mvuto. Petroli huungua vizuri inapochanganywa na hewa kwa uzani wa karibu sehemu 1 kwa 14.7, na kabureta iliyopangwa kwa ajili ya usawa wa bahari haijui kwamba imepandishwa mlimani. Huendelea kumimina petroli ileile katika hewa iliyopungua, mchanganyiko ukawa mzito, plagi zikajaa masizi meusi, na cheche ikavuja kupitia masizi hayo badala ya kuruka. Gari lililotoka pwani likiwa zima lingeweza basi kukataa kuwaka asubuhi yake ya pili Eldoret, hasa katika baridi ya Julai, dereva alipovuta choki, yaani kizuizi cha hewa kinachotumika injini ikiwa baridi, akaisahau, na petroli ikazilowesha plagi kabisa. Tiba yake ilikuwa kusukuma choki ndani, kukanyaga kiongeza mwendo hadi mwisho na kupiga stata ili hewa nyingi iikaushe silinda. Tiba ya kudumu ilikuwa kubadili jeti, yaani kitundu cha shaba kinachopitisha petroli, na kuweka iliyo nyembamba zaidi. Mchana, kinyume chake, tatizo lilikuwa joto: maji huchemka Eldoret katika takriban nyuzi 93 badala ya 100, na petroli nayo huvukiza kwa urahisi zaidi, hivyo gari lililopanda kutoka Nakuru hadi Timboroa, ambako reli hupita zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, liliweza kuzima na kugoma kwa sababu mvuke umejaa katika bomba la mafuta, na kitambaa kilicholowa maji baridi juu ya bomba hilo kikalitibu bila spea yoyote.

Mafundi waliojifunza pwani au Kisumu walipaswa kujifunza upya mambo haya walipohamia nyanda za juu, na ndiyo maana madereva wa zamani walimthamini fundi wa mahali kuliko fundi mwenye sifa za mbali.

Baada ya uhuru mwaka 1963 umiliki wa mashamba na gereji ulianza kubadilika, lakini msukumo mkubwa zaidi ulitoka barabarani. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu kubeba abiria bila leseni iliyokuwa ikitakiwa awali, na magari yaliyokwisha kuchoka yakapata kazi mpya, yakihitaji fundi wa bei nafuu aliye karibu na kituo. Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani uliokuja Kenya ulikuwa umeieleza dunia kwamba shughuli hizi zisizosajiliwa, ambazo Wakenya waliziita jua kali kwa kuwa zilifanyika nje bila paa, zilikuwa na tija na ubunifu na hazikustahili kufukuzwa na askari wa manispaa. Kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, pamoja na shirika lake la reli, kuliongeza malori katika barabara ya kwenda Malaba, mpakani mwa Uganda, na bomba la mafuta lilipopanuliwa kutoka Nairobi hadi Eldoret na Kisumu mwaka 1994, Eldoret ikawa mahali ambapo malori ya mafuta ya Uganda, Rwanda na mashariki mwa Kongo yalikuja kupakia. Mji ukawa wa diseli.

Injini ya diseli haina plagi ya cheche; hubana hewa hadi moja ya ishirini hivi ya ujazo wake, hewa ikapata joto la kuyawasha mafuta yanayonyunyizwa na nozeli, na kwa hiyo hewa nyepesi na baridi ya alfajiri huinyima joto hilo. Lakini sababu iliyozoeleka zaidi ya lori kutowaka ni hewa iliyoingia katika mabomba baada ya tangi kukauka au chujio kubadilishwa. Fundi hulegeza nati juu ya chujio, hubonyeza pampu ndogo ya mkono, na povu hutoka likichanganyika na diseli. Hubonyeza hadi povu liishe na mafuta yatoke mazima, hukaza nati, kisha hulegeza nati za nozeli moja baada ya nyingine stata ikizunguka. Kazi hii, inayoitwa kutoa upepo, ilikuwa mara nyingi ya kwanza ambayo utingo wa lori aliimudu mwenyewe, na utingo wengi waliingia ufundi kupitia mlango huo.

Wengine waliingia kwa uanagenzi. Mzazi alizungumza na fundi, pengine akalipa ada, na kijana akaanza kwa kuosha vyuma na kuleta spana kwa namba: kumi, kumi na mbili, kumi na nne, kumi na saba. Namba hizo zenyewe ni kumbukumbu ya historia, kwani mafundi waliokulia katika magari ya Kiingereza, kama vile Bedford, Austin na Land Rover, walihitaji spana za inchi, ilhali magari ya Peugeot na baadaye ya Kijapani yalikuja na spana za milimita, na sanduku la fundi mzee bado huwa na seti zote mbili. Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kikristo lilikuwa limeonya mwaka 1966, katika ripoti iliyozaa vyuo vya ufundi vya vijijini, kwamba shule za msingi zinatoa vijana wasio na pa kwenda. Uanagenzi wa jua kali ulikuwa tayari ukiwapokea vijana hao, bila ripoti na bila bajeti.

Serikali iliutambua ufundi huu kwa kuanzia na paa. Mwaka 1985 Rais Daniel arap Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji jijini Nairobi na kuahidi mabanda, na katika miaka iliyofuata mabanda ya Nyayo yakajengwa katika miji kadhaa. Mwaka 1988 iliundwa wizara iliyohusika na mafunzo ya ufundi, na mwaka 1992 ukachapishwa waraka rasmi wa bunge kuhusu biashara ndogo na jua kali. Hatua hizi zilikuwa na faida, ila zilimwona fundi kama mtu anayekosa kivuli, mkopo na cheti, na si kama mtu mwenye maarifa ambayo taasisi zingeweza kujifunza kutoka kwake. Mtihani wa ufundi wa daraja la tatu, la pili na la kwanza uliendelea kuwa mlango pekee wa kutambuliwa, na fundi aliyeweza kutambua ugonjwa wa injini akiwa hatua kumi kutoka kwenye gari alishindwa mtihani huo kwa sababu ya kutojua jina la Kiingereza la kifaa alichokifungua kila siku.

Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliugusa ufundi huu moja kwa moja. Gereji za Eldoret zilikuwa zimechanganya Wakalenjin, Wakikuyu, Waluhya, Wajaluo na wengineo, na maelfu ya watu walipokimbilia kambi ya uwanja wa maonyesho ya kilimo, mafundi walikuwa miongoni mwao. Barabara ya Uganda ilifungwa kwa vizuizi na uhaba wa mafuta ukafika hadi Kampala na Kigali. Gereji zilizofunguliwa tena baadaye hazikuwa na watu walewale, na minyororo ya uanagenzi iliyokatika wakati huo haikuungika yote.

Wakati huohuo gari lenyewe lilikuwa limebadilika. Kulegezwa kwa masharti ya uagizaji katika miaka ya 1990 kulifungulia njia magari yaliyotumika kutoka Japani, mengi yakiwa hayana kabureta wala platini. Kompyuta ndogo ndiyo inayoamua kiasi cha petroli na wakati wa cheche, ikitegemea sensa, yaani vifaa vinavyopima joto, hewa na mzunguko wa kranki. Kwa mwinuko wa Eldoret haya yalikuwa maendeleo makubwa, kwa kuwa kompyuta hupima hewa na kupunguza petroli yenyewe, na ugonjwa wa masizi meusi ukapungua sana. Lakini mengi ya magari hayo yana gia za otomatiki, na hivyo hayawezi kuwashwa kwa kusukumwa. Gari la gia za mkono lenye betri iliyokufa liliwekwa gia ya pili, likasukumwa, klachi ikaachiwa ghafla na injini ikawaka. Kwa miongo mingi madereva waliegesha kwenye mteremko kwa sababu hiyo. Gari la otomatiki hukaa pale lilipo hadi ziletwe waya za kuazima umeme kutoka betri nyingine.

Mashine ya kusoma kompyuta ya gari ilizua kundi jipya la mafundi, wanaopigiwa simu wafike na kifaa chao kwenye gereji ya mwenzao, wasome namba ya kosa na kulipwa kwa usomaji huo. Mara nyingi husemwa kwamba mashine hiyo imeua sikio la fundi, dai ambalo halistahimili uchunguzi. Namba P0335, kwa mfano, husema kuwa mkondo wa sensa ya kranki una hitilafu, na gari lenye hitilafu hiyo huzungusha stata vizuri bila kuwaka; lakini namba hiyo haisemi kama sensa imekufa, au waya wake umetafunwa na panya, wageni wa kawaida wa mji unaohifadhi mahindi, au plagi ya waya imeingia maji baada ya gari kuoshwa. Anayebadilisha sensa kwa kuiamini namba peke yake huweza kumgharimu mteja bure. Anayefuata waya kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho, kama babu zake wa kazi walivyofuata njia ya cheche kutoka plagi hadi platini, huipata kasoro yenyewe. Kadhalika hakuna namba inayosema waziwazi kwamba petroli imechanganywa na mafuta ya taa, ulaghai uliokuwa umeenea kiasi kwamba mwaka 2018 serikali iliyatoza mafuta ya taa shilingi 18 kwa lita ili kuuondolea faida; fundi huutambua kwa harufu, kwa tone lisilokauka upesi kwenye karatasi, na kwa injini inayowaka kwa shida ikiwa baridi.

Mwaka 2024, ambao pia Eldoret ilipewa hadhi ya jiji mwezi Agosti, serikali ilizindua sera ya kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, inayomwezesha fundi kupimwa kwa anachokijua na kupewa cheti bila kurudi shuleni. Kikwazo kilichobaki ni cha aina nyingine. Magari ya kisasa yana ufunguo wenye chipu ambayo kompyuta huitambua kabla ya kuruhusu petroli au cheche, na ufunguo usipotambuliwa gari linaweza kuzungusha stata siku nzima, betri ikiwa nzima, mafuta yakiwa safi, na lisiwake. Utaratibu wa umeme, mafuta na mgandamizo humfikisha fundi wa mitaa ya Eldoret kama Langas au Maili Nne hadi hapo na kumwonyesha kwa usahihi kwamba hakuna kifaa kilichoharibika. Kinachohitajika ni msimbo unaohifadhiwa na mtengenezaji, ambao hauuzwi dukani wala haurithishwi gerejini, na anayeupata kwa njia halali ni yule ambaye kampuni imeamua kumpa.